Mbweni, Walikosomea Mabinti wa Majahazini

Toka Mji Mkongwe ushike njia ya kusini, upande wa uwanja wa ndege, kisha ukate kuelekea pwani. Kadiri unavyoikaribia bahari miti inazidi unene, na upepo haukosi hata jua likiwa la utosi. Ndipo zinapotokea kuta nene za mawe na chokaa, hazina paa, na matao yake yanaiacha bahari ionekane mpaka kisiwa cha Chumbe. Hii ilikuwa Shule ya Mtakatifu Maria, shule ya wasichana ya UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza. Mwambao una magofu mengi mazuri, yakiwemo majumba ya masultani, lakini mimi hili naliweka juu ya yote.

Naliweka juu kwa sababu ya waliokaa humu. Mwaka 1871 Askofu William Tozer alinunua shamba hapa Mbweni, na baadaye likawa makazi ya watu waliotolewa utumwani. Manowari za Uingereza zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa, na watoto wengi walioteremshwa walikabidhiwa misheni: wavulana wakaenda shule ya misheni ya Kiungani, wasichana wakaletwa hapa. Myao, Mnyasa na Mmakua walilala chumba kimoja, kila mmoja na lugha ya mama yake. Kilichowaunganisha ni Kiswahili cha Unguja. Edward Steere, aliyekuja kumrithi Tozer, alikuwa ameshachapisha kitabu chake cha sarufi mwaka 1870, na misheni ikawa inapiga chapa vitabu vya kusomea kwa lugha hiyo. Anayetafuta mahali Kiswahili kilipojifunza kuandikwa kwa herufi za Kirumi, asiipite Mbweni.

Mwaka 1877 shule ilikabidhiwa Caroline Thackeray, wa ukoo wa mtunzi William Makepeace Thackeray. Aliiongoza hadi 1902, na katikati ya miaka hiyo, mwaka 1890, Unguja ikawekwa chini ya himaya ya Uingereza. Wasichana walisoma, waliandika, walipiga hesabu, walijifunza Biblia. Walioonekana hawana akili ya kitabu walipelekwa upande wa kazi: kufua, kushona, kupika. Hapo moyo wangu unagoma. Mtoto aliyenyakuliwa kwao, akavushwa bara zima kwa miguu, akasongwa ndani ya jahazi, nani alikuwa na haki ya kumpima akili kwa ukimya wake darasani? Na ubatizo uliwapa majina ya Kizungu, yale ya nyumbani yakabaki vinywani mwao wenyewe, kama yalibaki.

Hata hivyo kazi waliyoifanya haifichiki. Mwaka 1876 Steere aliongoza kundi la watu huru kurudi bara, wakaanzisha kijiji cha Masasi. Miaka iliyofuata mabinti wa Mbweni nao walivuka bahari, wakawa walimu na wake wa walimu na mapadri. Walichokipata kwenye vyumba hivi wakakigawa kwa watoto wa vijijini.

Hatua chache kutoka kwenye magofu liko Kanisa la Mtakatifu Yohana, la mwaka 1882, na bado watu wanasali humo. Jirani aliishi John Kirk, balozi wa Uingereza aliyemsukuma Sultani Barghash kutia saini mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa. Alikuwa bingwa wa mimea, na hapa Mbweni alipanda bustani ya miti kutoka nchi nyingi. Usifanye haraka. Kaa kivulini, kisha urudi ndani ya kuta, uingie chumba kimoja kimoja.

Bibi Thackeray alifariki mwaka 1926, na jina lake linafahamika kwa kila anayeisoma habari ya shule hii. Ningependa mlangoni pawekwe ubao wa majina ya wanafunzi wake, ya ubatizo na ya kwao, yote yatakayopatikana katika daftari za misheni.