Leseni ya Mashine Iliyotengenezwa

Kutengeneza kilichoharibika ni sifa ya kale ya binadamu. Jembe likitiwa mpini mpya hubaki jembe la mwenyewe. Jahazi likibadilishwa mbao, tanga na mlingoti hubaki na jina lake, wala nahodha haambiwi kuwa chombo anachoongoza si kile alichokuwa nacho jana. Ukarabati hauondoi haki ya mwenye mali. Kompyuta, walakini, imeleta desturi nyingine.

Mtu anunuapo kompyuta hupata vitu viwili visivyofanana. Cha kwanza ni mashine yenyewe, nayo ni mali yake. Cha pili ni leseni ya kutumia mfumo endeshi, nayo ni ruhusa yenye masharti. Windows XP, mfumo uliotolewa mwaka 2001, ulimpa mtumiaji siku 30 za kuuamilisha. Ulikagua sehemu 10 za mashine, kama vile prosesa, diski na kadi ya mtandao, ukafanya kutokana nazo alama ya utambulisho. Kompyuta ya mezani iliyobaki na kadi yake ya mtandao ilivumiliwa mabadiliko ya sehemu 5. Ya sita ilidai uamilishaji mpya. Kadi hiyo ikibadilishwa, mabadiliko 4 kwa jumla yalitosha kuifanya mashine kuwa ngeni. Asiyekuwa na intaneti alipiga simu, akasoma msururu mrefu wa tarakimu, kisha akaandika mwingine aliopewa.

Katika Windows 10, uliotolewa mwaka 2015, neno la mwisho liko zaidi kwa ubao mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi. Kubadili diski au kuongeza kumbukumbu kwa kawaida hakuleti mashaka, lakini ubao mpya huhesabiwa kuwa mashine mpya. Mashine haizimiki kwa sababu hiyo. Huandika onyo pembeni mwa kioo, na kumnyima mtumiaji baadhi ya mipangilio. Tangu mwaka 2016 mtumiaji ameweza kuiunganisha leseni na akaunti yake ya Microsoft. Baada ya matengenezo hueleza katika mipangilio kuwa amebadili sehemu za mashine, akaichagua mashine yake katika orodha, na leseni ikamrudia. Ila si kila leseni ina hisani hiyo. Iliyonunuliwa peke yake yaweza kuhamishwa. Iliyokuja na mashine kutoka kiwandani imefungwa na mashine ile ile.

Mtunga programu ana hoja ya haki. Kazi yake hunakiliwa kwa dakika chache, na bila kizuizi leseni moja ingetumika katika mashine mia. Lakini uzito wa kanuni hii hauwaangukii watu wote sawasawa. Mwenye fedha mashine yake ikifa hununua nyingine, na leseni mpya huja nayo. Mwenye uwezo mdogo huenda kwa fundi, akanunua ubao uliokwisha kutumika, akaifufua mashine yake. Na huyo ndiye anayetakiwa kuthibitisha kuwa chake ni chake. Anayetupa haulizwi neno, anayetunza huhojiwa.

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kabla bisibisi haijagusa mashine, mwenyewe na atazame leseni yake ni ya aina gani, aiunganishe na akaunti yake, na aweke mahali pa salama risiti pamoja na ufunguo wa herufi na tarakimu 25, kama alipewa. Tahadhari hiyo itamwokoa na usumbufu mwingi. Walakini tahadhari ya mnyonge haitimizi wajibu wa mwenye nguvu. Aliyeweka kufuli kulinda jasho lake anapaswa pia kuacha mlango kwa mtu mwaminifu, ambaye kosa lake pekee ni kukataa kutupa kitu ambacho bado chafaa.