Meno ya Ufunguo

Ndani ya ute wa yai mna mlinzi. Huitwa ovomukoidi, protini inayovifunga vimeng'enya vivunjavyo protini nyingine, kama vile tripsini ya kongosho. Huingia katika kimeng'enya kama ufunguo katika kufuli, kisha hukwama humo, na kufuli lisifanye kazi tena.

Cheektowaga, ninakoishi, imepakana na Buffalo, na Buffalo ina nasaba na elimu hii. Katika taasisi ya Roswell Park jijini humo alifanya kazi Michael Laskowski, aliyevichunguza vizuizi vya tripsini kwa miaka mingi. Mwaka 1954 alichapisha mapitio yake juu ya vizuizi hivyo pamoja na mwanawe, aliyeitwa kwa jina lilelile. Mwana akaiendeleza kazi hiyo katika Chuo Kikuu cha Purdue, na mwaka 1987 yeye na wenzake walitoa mfuatano wa asidi amino wa sehemu ya tatu ya ovomukoidi kutoka aina 100 za ndege.

Mtu angedhani kwamba sehemu inayokigusa kimeng'enya ndiyo isiyobadilika, maana ndiyo yenye kazi. Ikawa kinyume: kiunzi kilikuwa kilekile, bali meno ya ufunguo ndiyo yaliyotofautiana kupita kiasi. Pale penye jino kuu, bata mzinga ana lusini, kware wa Japani ana lisini. Ndiyo maana kizuizi kimoja hufaa hapa na kushindwa kule: ovomukoidi ya kuku huifunga tripsini ya ng'ombe, lakini si ya binadamu.

Huyakumbuka haya kila mzazi kutoka Kongo au Burundi anaponiambia, "Mwalimu, Kiswahili cha watoto kimekufa." Mimi huwasikiliza watoto hao. Mmoja husema, "Nilimtekisti dada." Mzizi ni wa Marekani, ila ni-, -li- na -m- vimesimama mahali pake, kama vilivyosimama kinywani mwa bibi yake. Penye mguso pamebadilika, kiunzi kipo.

Hata hivyo, mfano huu siusukumi mbali. Protini haina bibi aliye Uvira, anayesubiri simu na asielewe nusu ya anayoambiwa. Kwa hiyo mzazi simwambii kwamba hakuna kilichopotea. Namwambia kilichobaki ni kipi, ili tuanzie hapo kufundisha.