Milango Iko Wazi, Nishati Imekwisha

Kila mwaka huwafundisha wanafunzi wangu mfumo uliowasilishwa mwaka 1964 na Michel Hénon na Carl Heiles, walipokuwa wakichunguza mwendo wa nyota ndani ya galaksi. Fikiria bakuli lenye mapengo matatu ukingoni, kila pengo na kizingiti chake. Chembe yenye nishati isiyozidi moja ya sita, kwa vipimo vya mfumo huo, haitoki kamwe. Ikizidi hapo, milango yote mitatu i wazi kwake.

Hata hivyo, kupata njia ni jambo jingine. Chembe mbili zilizoanza mahali pamoja, zikitofautiana kwa unywele tu, zaweza kutokea milango tofauti. Moja ikatoka mapema, nyingine ikazunguka mno. Pasipo msuguano, inayozunguka hupoteza muda tu, kwani nishati iliyoingia nayo inabaki nayo.

Sasa tia msuguano kidogo. Mwanzoni mwa karne hii, Adilson Motter na Ying-Cheng Lai walionyesha kwamba hata upotevu mdogo sana wa nishati hubadili kanuni yenyewe ya namna chembe zinavyopungua ndani ya mfumo wa aina hii. Maeneo yaliyokuwa yakizizungusha tu yaweza kugeuka mashimo ya kuzinasa. Iliyotoka mapema haiathiriki sana. Inayochelewa hupungukiwa kila mzunguko, na ikishuka chini ya kiwango cha kizingiti, haitoki tena.

Nikifika hapo ubaoni, huwakumbuka wahitimu wetu. Wanazunguka na bahasha za vyeti ofisi hadi ofisi. Kila safari ina nauli, ina gharama ya nakala, ina siku moja ya kibarua iliyopotea. Kijana wa familia yenye uwezo huzunguka vilevile, lakini nauli yake haitoki kwenye mlo wa jioni.

Mijadala yetu huhesabu milango: nafasi ngapi zimetangazwa, mikopo mingapi imetengwa. Ni nadra kuhesabu msuguano. Mwanadamu si chembe, nami sidai kwamba mlinganyo unaeleza njaa. Lakini msuguano wa bakuli ni wa maumbile. Huu wetu tumeutunga kwa kanuni za ofisi. Mwajiri asidai nakala zilizothibitishwa kabla ya kumwita mwombaji kwenye usaili, na aliyekataliwa ajulishwe mapema, angali na nauli ya kujaribu mlango mwingine.