Mawimbi ya Malindi

Sisi watu wa bara tukiteremka Pwani tuna mazoea yetu. Tunapiga picha, tunakunja suruali hadi magotini, tunarukaruka povu likitufikia, kisha tunarudi nyumbani kutangaza kwamba tumeogelea baharini. Watoto wa leo hawatosheki na hayo. Binti yangu Mumbua aliuona kwenye televisheni mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, ule ulioingia Olimpiki kwa mara ya kwanza jijini Tokyo mwaka wa 2021, na tangu hapo hatukupumua.

Kizingiti kilikuwa mama mkwe. Mvua ya El Nino ya mwaka wa 1997 ilipofurisha Mto Athi kwetu Ukambani, shemeji yangu mdogo alijaribu kuvuka, akachukuliwa na maji. Hatukumpata. Tangu siku hiyo Mama hataki mjukuu wake hata mmoja akaribie maji yanayozidi beseni, ingawa Mumbua amefunzwa kuogelea shuleni. Tuliposafiri likizo ya Agosti, treni hadi Mombasa na matatu hadi Malindi, Mama alifuatana nasi. Hakuja kustarehe, alikuja kulinda.

Je, kwa nini Malindi? Kule Diani na Bamburi mwamba wa matumbawe huyavunja mawimbi mbali, na ufuoni maji hutulia kama ya bwawa. Ghuba ya Malindi haina ukuta huo mbele yake, kwa kuwa matumbawe hayastawi penye matope na maji matamu ya Mto Sabaki unaomwagika hapo kaskazini ya mji. Basi mawimbi hufika mpaka mchangani, hasa majira ya kusi. Tulichagua siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka karibu mita 4, na mikondo yake haimfai mwanagenzi.

Chini ya mvinje palikuwa na mvuvi mzee akishona nyavu. Mwanawe ndiye aliyetukodishia ubao wa sponji, lakini somo tulipewa na baba.

"Pale unapoona maji yamelala, hayana povu, na kando yake mawimbi yanavunjika, usiende," alimwambia Mumbua. "Hapo maji yanarudi baharini. Yakikuchukua usishindane nayo. Ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke, ndipo urudi nchi kavu."

Ningependa kila mzazi wa Nairobi ayajue maneno hayo kabla ya kukata tikiti ya treni.

Mume wangu alisimama naye majini. Mawimbi yalikuwa ya kiunoni tu, ya upole, lakini yalimwangusha mara tano. La sita lilimbeba akiwa amelala kifudifudi juu ya ubao, likamleta mpaka mchangani huku akipiga mayowe ya furaha.

Mama hakuwa akitazama. Alikuwa amemgeukia mvuvi.

"Mzee, huo mto mnaouita Sabaki unatoka wapi?"

"Kwenu bara, mama. Huko juu kidogo ni Galana, na kwenu ndio Athi. Sasa kusi inausukuma udongo wake kaskazini. Njoo wakati wa kaskazi, utayaona maji ya hapa mekundu kwa udongo wa kwenu."

Mama alinyamaza. Kisha akavua viatu, akakaza leso kiunoni, akatembea polepole hadi maji yakamfunika miguu. Alisimama hapo muda mrefu akiangalia upande wa mto. Hakuna aliyemsemesha.

Mumbua akamjia, maji yakimchuruzika. "Nyanya, umeniona?"

"Sikukuona. Rudi tena, nikuone."

Jioni alimwuliza mvuvi, wala si sisi, kesho maji yatakuwa mazuri saa ngapi.

"Kama leo, mama. Ongeza dakika 50."

Mama akaushika mkono wa mume wangu, akaitazama saa yake, akaanza kuhesabu kwa vidole.