Toka Bukavu Mpaka Kinshasa: Ni Mbali Namna Gani?

Ukimuuliza mtoto wa shule kule Kamituga ao Kolwezi, "Toka Bukavu mpaka Kinshasa kuko kilometa ngapi?", atachukua rula, atapima kwenye ramani na kukujibu: kama 1,500. Amejibu vizuri. Lakini hiyo ni njia iliyonyooka angani. Mtu mwenye mzigo na watoto anapita wapi?

Gari halifiki. Katikati kuko pori kubwa la Kongo, na hakuna barabara ya lami inayounganisha miji hii miwili. Ndiyo maana kwa miaka mingi watu wa Bukavu walitegemea uwanja wa Kavumu, kama kilometa 30 kaskazini ya mji. Ndege kubwa ya abiria hukata karibu kilometa 750 kwa saa moja. Basi, ikienda moja kwa moja, saa mbili hivi zilitosha kufika Ndjili. Tena saa ya Kinshasa iko nyuma ya ile ya Bukavu kwa saa moja. Aliyeruka saa nne asubuhi alitua saa sita kwa saa yake ya mkononi, lakini wenyeji walimwambia: ni saa tano!

Hesabu hiyo ilivunjika mwaka 2025. Mwisho wa Januari waasi wa M23 waliingia Goma, na uwanja wa kule ukafungwa. Tarehe 14 Februari wakakamata Kavumu, na siku mbili baadaye Bukavu yenyewe. Ndege za Kinshasa zikakoma.

Basi, mwenye lazima ya kufika alifanyaje? Alivuka Ruzizi, akapanda basi la Kigali kupitia msitu wa Nyungwe, kama saa sita. Toka Kigali mpaka Addis Ababa ni karibu kilometa 1,550 za angani. Toka Addis Ababa mpaka Kinshasa, karibu 3,000. Jumlisha: zaidi ya 4,500, ni kusema mara tatu ya rula ya mtoto. Kwa njia ya Nairobi inapungua, kama 3,200, lakini bado ni mara mbili. Na pasipoti inatakiwa: mtu anagongewa mihuri ya nchi za wengine ili afike mji mkuu wa nchi yake.

Nani anabeba mzigo huo? Si mfanyabiashara peke yake. Kuko mgonjwa anayengojewa na daktari, kuko mwanafunzi, kuko mama aliyeitwa matangani. Maiti haingoji, wengi wanalia kwa simu tu.

Kwa hiyo, jamaa za migodini, mbele ya kununua tiketi msiulize bei tu. Ulizeni: ndege inapitia mji gani? Tutangoja saa ngapi? Kartasi ya chanjo ya homa ya manjano iko? Na kumbukeni, saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya mji ule ule wa kuondoka ao wa kutua. Atakayewapokea mumwambie hiyo.