Yorkshire kwa Wawili

Mwambie mtu yeyote mjini kwamba wewe na mwenzi wako mnaenda Uingereza. Swali la kwanza litakuwa hilo hilo: "London sehemu gani?" Kana kwamba nchi nzima inaishia pale kwenye saa ya Big Ben. Na wengi wetu ndivyo tunavyofanya kweli. Tunavunja kibubu, tunapiga picha mbele ya daraja, tunalipia chumba ambacho ukifungua begi hakuna pa kukanyaga, halafu tunarudi nyumbani tumechoka na hela hakuna.

Mwezi huu tunakuomba uangalie kaskazini. Kutoka stesheni ya King's Cross treni inakufikisha York kwa saa mbili hivi, na ukishuka hapo umeingia Yorkshire, eneo la kihistoria lililo kubwa kuliko yote ya England. Kuna milima, bahari, magofu ya makanisa, miji ya viwanda vya sufu na kondoo wasio na idadi. Kuna pia visa vya mapenzi ambavyo hata mwandishi wa tamthilia angeona haya kuvitunga.

Lakini kuna sababu nyingine ya kuandika juu ya Yorkshire. Leeds, Bradford, Sheffield, York na Hull zote zina vyuo vikuu, na vijana wetu wanasoma huko. Tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wa kigeni wanaosoma masters za kawaida hawaruhusiwi tena kuja na mume au mke. Walioachiwa nafasi ni hasa wale wa kozi za utafiti. Matokeo yake mnayajua. Mmoja yuko Leeds amejifunika blanketi mbili, mwingine yuko Dar au Nairobi analea ndoa kwa simu. Ikipatikana viza ya matembezi ya wiki mbili, hizo wiki mbili zinatakiwa kubeba mwaka mzima. Huo ni mzigo, jamani. Kwa hiyo soma safari hii ukimfikiria huyo mtu wako.

York: anzeni taratibu

Siku za mwanzo msipange mambo mengi. Watu wawili ambao hawajaonana mwaka mzima wanahitaji kuzoeana upya, na York ni mji mzuri kwa kazi hiyo kwa sababu unatembelewa kwa miguu. Mji wa zamani umezungukwa na ukuta wa mawe ambao sehemu iliyobaki inafika kama kilomita tatu na nusu. Mnapanda juu, mnatembea, mnaangalia bustani za watu kwa chini. Hulipi hata senti.

Warumi walifika hapa mwaka 71, na mwaka 306 Constantine alitangazwa kuwa mfalme wao akiwa hapa hapa York. Waviking nao wakaja na kuuita mji Jorvik. Katikati limesimama York Minster, kanisa kuu ambalo dirisha lake la mashariki lilikamilika mwaka 1408 na linakaribia ukubwa wa uwanja wa tenisi. Kuingia ni kwa kiingilio, na kupanda mnara ni ngazi 275, kwa hiyo bi dada, viatu virefu viache hotelini.

Ukitoka hapo pita Shambles, kichochoro kilichokuwa cha wauza nyama, ambapo nyumba za juu zimeinamiana kama majirani wanaopeana umbea. Kama mwenzi wako ni wa mashine, mpeleke National Railway Museum, kuingia bure. Pale kuna Mallard, injini ya mvuke iliyokimbia kilomita 203 kwa saa mwaka 1938 na kuweka rekodi ya dunia. Mwache azunguke. Wewe tafuta chokoleti, maana KitKat ilizaliwa katika mji huu huu mwaka 1935.

Jambo moja la kukuandaa kisaikolojia: watu wa Yorkshire humwita kila mtu "love". Dada wa dukani atamwambia mumeo "Thank you, love", na dereva wa basi atakwambia wewe hivyo hivyo. Usinune. Ni kama sisi tunavyomwita "mama" muuza mchicha ambaye hatujui hata jina lake.

Whitby: ngazi 199 na chipsi

Siku mkiamka na hali ya hewa inaeleweka, nendeni baharini. Basi kutoka York hadi Whitby linakatiza nyika za North York Moors, ambazo mwezi wa nane hufunikwa na maua ya zambarau mpaka upeo wa macho. Whitby ni mji mdogo wa wavuvi. James Cook alijifunza ubaharia hapa akiwa kijana, na meli yake ya Endeavour ilijengwa hapa hapa mwaka 1764, ikianza maisha kama meli ya kubeba makaa ya mawe.

Juu ya mlima kuna magofu ya abasia iliyoanzishwa mwaka 657 na mwanamke, Hilda, aliyewaongoza watawa wa kike na wa kiume kwa pamoja. Kuifikia mnapanda ngazi 199. Bram Stoker alikaa Whitby mwaka 1890, na kitabu chake cha Dracula kilipotoka mwaka 1897, sehemu yake ilitokea hapa. Jioni ukungu ukianza kupanda kutoka baharini utaelewa kwa nini.

Kisha mnashuka kula samaki na chipsi. Kaeni ndani, au kama mnakula nje kumbatieni sahani, kwa sababu ndege wa baharini wa Whitby hawana adabu kabisa. Wanakunyang'anya samaki mkononi huku unaongea.

Harrogate: mke aliyetoweka siku 11

Harrogate ni mji wa kujidekeza. Watu walianza kuja zamani kwa ajili ya chemchemi zenye maji ya dawa, na bafu zake za mvuke za mtindo wa Kituruki, zilizofunguliwa mwaka 1897, zinafanya kazi mpaka leo. Angalieni ratiba kabla ya kwenda, maana vipindi vinatofautiana.

Hapa pia ndipo ulipoanzia mkahawa wa Bettys mwaka 1919, kazi ya kijana mhamiaji kutoka Uswisi. Foleni ni ndefu lakini inatembea. Na mkiletewa chai msishangae ikiwa ladha yake mnaijua, kwa sababu kampuni hiyo ndiyo yenye Yorkshire Tea, na sehemu ya majani yake hutoka Kenya na Rwanda. Imesafiri kama nyinyi, ila yenyewe haikuombwa viza.

Sasa umbea wa kweli. Desemba 1926 mwandishi Agatha Christie alitoweka. Mumewe alikuwa amemwambia anataka talaka kwa sababu amempenda mwanamke mwingine. Gari la Agatha likakutwa limetelekezwa kusini mwa England, maelfu ya watu wakaingia maporini kumtafuta. Baada ya siku 11 akapatikana hotelini Harrogate, mzima wa afya. Na jina aliloandikisha mapokezi? La ukoo wa yule yule mwanamke wa mumewe.

Hoteli hiyo ipo mpaka leo, inaitwa Old Swan. Agatha alipoandika maisha yake aliziruka siku hizo kimya. Waliachana mwaka 1928, na mwaka 1930 akaolewa na Max Mallowan, mtaalamu wa mambo ya kale aliyekuwa mdogo kwake kwa zaidi ya miaka kumi. Walikaa pamoja mpaka Agatha alipofariki mwaka 1976. Wale wenye shangazi wa kusema "utazeeka peke yako", kisa hicho chukueni.

Haworth: mzee alipokataa posa

Kama mna siku moja tu ya kutoka nje ya miji, iwe ya Haworth. Mnapanda treni kutoka Leeds hadi Keighley, kama dakika 25, kisha basi, au zile siku inapofanya kazi, treni ya mvuke inayopanda bonde polepole huku ikitoa moshi kama ya kwenye sinema.

Juu ya kijiji kuna nyumba ya mchungaji Patrick Brontë, ambayo sasa ni makumbusho. Binti zake watatu, Charlotte, Emily na Anne, waliandika hapo riwaya zinazosomwa dunia nzima, wakizitoa kwa majina ya bandia ili wasijulikane kuwa ni wanawake. Usiku walikuwa wakizunguka meza ya chakula wakisomeana kazi zao. Kati ya Septemba 1848 na Mei 1849 Emily, Anne na kaka yao Branwell wote walifariki. Charlotte akabaki na baba.

Desemba 1852 msaidizi wa baba yake kanisani, Arthur Bell Nicholls, akaleta posa. Mzee akawaka. Kijana hana kitu, na binti yake sasa ni mwandishi maarufu! Arthur akaondoka kijijini, lakini wakaendelea kuandikiana barua kwa siri mpaka mzee akalegea. Harusi ikapangwa tarehe 29 Juni 1854. Usiku wa kuamkia siku hiyo mzee akasema haendi kanisani, na Charlotte akakabidhiwa kwa mumewe na aliyekuwa mwalimu wake wa kike.

Ndoa yao haikufika hata miezi kumi. Charlotte alifariki Machi 1855 akiwa na miaka 38, na inaaminika alikuwa mjamzito. Na Arthur? Hakuondoka. Alibaki katika nyumba ile miaka sita akimtunza mkwe aliyemkataa, mpaka mzee alipofariki mwaka 1861.

Ukitoka kwenye makumbusho ukiwa na kisa hicho kichwani, fuateni njia ya nyikani inayoelekea gofu la Top Withens. Ni kama kilomita sita kwenda, mtandao wa simu unakatikakatika, na hakuna duka. Hapo ndipo mtakapozungumza yale ambayo mwaka mzima mlikuwa mnayaahirisha kwa "tutaongea ukija": hela alizotuma zilifanya nini, kozi ikiisha anarudi au anatafuta kazi, wazazi wanasemaje. Kutembea bega kwa bega ni rahisi kuliko kukaa mezani mkitazamana. Na mmoja akinuna, bado hamna njia ila kurudi pamoja.

Pilau, sufu na nyumba ya Hull

Mkirudi kutoka Haworth, shukeni Saltaire, kijiji ambacho tajiri wa sufu, Titus Salt, aliwajengea wafanyakazi wake kuanzia miaka ya 1850. UNESCO ilikiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Kiwanda chake sasa kina picha za msanii David Hockney, mzaliwa wa Bradford, na kuingia ni bure.

Bradford yenyewe mtaipenda kwa tumbo. Wapakistani waliokuja kufanya kazi kwenye viwanda vya nguo miaka ya 1950 na 1960 walikuja na mapishi yao, na leo chapati, biriani na nyama halali mtavipata bila kuhangaika.

Mwenye siku ya ziada aende Hull, kwenye nyumba alikozaliwa William Wilberforce mwaka 1759, bure pia. Alisimama bungeni miaka mingi mpaka sheria ya kupiga marufuku biashara ya watumwa ikapita mwaka 1807. Mtu wa pwani yetu atazunguka humo akikumbuka kwamba soko la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, miaka 66 baadaye. Hapo mtakaa kimya kidogo, na si vibaya.

Kabla hamjafunga mabegi

Viza: ombeni mapema. Ada hairudishwi hata mkikataliwa, kwa hiyo msilipie tiketi ya ndege isiyobadilishika kabla ya majibu.

Treni: tiketi ikinunuliwa wiki kadhaa kabla huwa rahisi zaidi. Kuna kadi inaitwa Two Together, yenye picha zenu nyote wawili, inayopunguza theluthi ya nauli. Haitumiki kabla ya saa tatu na nusu asubuhi siku za kazi, na ni lazima msafiri pamoja. Mkigombana kila mtu akapanda lake, punguzo hakuna.

Msimu: mwishoni mwa Juni jua linazama saa tatu na nusu usiku. Desemba giza linaingia kabla ya saa kumi jioni. Koti la mvua mwezi wowote, hata Julai.

Mpango: kila mmoja achague kitu kimoja ambacho hakiguswi. Wewe bafu la Harrogate, yeye injini zake. Vingine vyote vinaweza kukatwa, hela ikipungua au miguu ikichoka. Na acheni siku moja nzima bila ratiba, ya kulala mpaka mchana na kupika ugali kwenye kile chumba cha mwanafunzi. Mtu aliyekaa mwaka mzima peke yake anaweza kuikumbuka siku hiyo kuliko abasia zote za Yorkshire.