Pampu ya Bondeni

Mnyambe iko Newala, juu ya mwinuko wa Makonde, mahali ambapo ardhi hunywa mvua yote isiache hata kijito. Zamani akina mama waliteremka mabondeni na mitungi kabla ya alfajiri, wakapanda nayo kichwani jua limekwisha kuwa kali. Tangu miaka ya 1950 maji yamekuwa yakipandishwa huko juu kwa pampu, na mwenyeji akifungulia bomba likakoroma tu, halilaumu bomba. Huuliza kulikoni bondeni.

Kijana mmoja wa hapo alilelewa katika elimu hiyo, na bado ilimponyoka siku aliponunua kadi ya michoro.

Kompyuta yake ilikuwa mtumba wa ofisini, sanduku jeusi lililochapa barua za watu wengine huko ng'ambo kabla ya kufika Kariakoo, kupakiwa basini, kuvuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa na kupanda mpaka Newala. Kwa kuandika barua za kuomba kazi ilifaa. Kwa gemu za mpira ilikuwa ajuza: mchezaji alipiga shuti, picha ikaganda, kisha mpira ukaonekana umo wavuni na hakuna aliyeuona ukienda. Alitaka vijana wenzake waje wacheze kwa malipo kidogo, na ajuza yule hakuweza kuwavuta. Ndipo akamwendea mjomba wake. Kwa Wamakonde ukoo hufuata upande wa mama, na shida ya mpwa aghalabu hupelekwa kwa mjomba kwanza. Korosho zilikuwa zimekwisha kuuzwa mnadani kupitia chama cha msingi, na fedha imeingia benki.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo kadi italeta nini?"

"Italeta picha, mjomba. Watu watalipa."

Mjomba alitoa fedha kwa sharti moja tu: sauti ya bibi isiguswe.

Sauti hiyo ilikuwa ndani ya kompyuta ile ile. Bibi, mama yake mjomba, alikuwa hodari wa vitendawili na hadithi za Kimakonde, na mwaka wake wa mwisho mjukuu alimrekodi kwa simu, jioni kwa jioni, kuku wakilia nyuma yake. Simu ilipojaa, rekodi zikahamishiwa kwenye diski. Nakala nyingine haikuwapo. Bibi naye hayupo.

Kadi iliyonunuliwa ilikuwa GTX 1060 ya kampuni ya Nvidia, iliyotoka mwaka 2016. Ilikwisha kutumika, lakini nzima. Kadi hii hudai wati 120. Tundu la ubao mkuu inamochomekwa hutoa wati 75, basi sharti iongezwe chakula kwa plagi ya matundu sita itokayo moja kwa moja kwenye pawa saplai, kile kisanduku cha chuma chenye feni kinachopokea umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3. Pawa saplai ya ofisini haikuwa na plagi hiyo. Muuzaji akamkabidhi kipande cha waya: upande mmoja plagi ya matundu sita, upande wa pili plagi nyembamba ya kunyonya umeme wa diski. "Chomeka tu," alimwambia.

Akachomeka. Siku mbili picha zilikuwa za kustaajabisha. Nyasi za uwanja zilionekana unyasi kwa unyasi, na ua ulijaa viatu vya watoto. Usiku wa tatu ikanuka plastiki, skrini ikazima, na uzi wa moshi ukatoka kwenye sanduku.

Alfajiri kijana alikuwa kwa fundi mjini Newala, sanduku amelipakata kama mgonjwa. Fundi hakugusa kadi. Alifuata waya kwa kidole mpaka kwenye plagi nyembamba, ikiwa nyeusi na imeyeyuka, pacha wake wa waya ule ule akiwa bado amechomekwa kwenye diski. Hesabu yake ilikuwa fupi. Plagi hii haikuumbwa kupitisha zaidi ya ampea 4.5 kwa volti 12, nazo ni wati 54. Ile ya matundu sita yaweza kudai 75. Waya ulibebeshwa mzigo usio wake.

"Na diski?" kijana aliuliza.

"Subiri."

Waliopata kusubiri nje ya mlango wa hospitali wanajua urefu wa neno hilo. Fundi aliitoa diski, akaichomeka kwenye mashine yake, na orodha ya mafaili ikajitokeza. Kabla ya jambo lolote wakanakili sauti za bibi kwenye flashi. Kisha ndipo mazungumzo ya vyuma yakaanza.

Dukani jirani palikuwa na pawa saplai mpya yenye kibandiko cha wati 500, bei ya kuvutia, nyepesi kama ganda la korosho. Fundi alimsomesha kijana maandishi madogo: kwenye volti 12, ampea 18. Zidisha, utapata wati 216. Na kadi hula volti 12, haili herufi kubwa za kibandiko. Akamshauri aiuze kadi, achukue GTX 750 Ti ya mwaka 2014, inayotosheka na wati 60 za tundu lake bila waya wa ziada. Kwa haki, ushauri ulikuwa mwema kuliko yote, hasa mahali ambapo umeme umesafiri mbali kwa laini ndefu ya kilovolti 33, ukifika umechoka. Lakini kijana alikwisha kuyaona yale majani. Alikubali kulipa kidogo kidogo pawa saplai ya mtumba ya wati 450, nzito mkononi, yenye plagi yake halisi ya matundu sita na alama ya 80 Plus, ambayo tangu mwaka 2004 hupewa zile zisizopoteza zaidi ya sehemu moja kwa tano ya umeme zinaoupokea. Aliongeza na stabilaiza. Deni lake, kwa kadiri ya watoto wanaokuja kucheza, litamchukua msimu mzima wa korosho.

Mjomba alikuja kutazama fedha zake. Alioneshwa mpira, akakaa dakika moja, akasema wachezaji hawatoki jasho. Halafu akaomba asikilizishwe.

Bibi akatoa kitendawili. Kuku akalia. Bibi akangoja jibu, na mjomba, aliyekuwa akilijua tangu utotoni, akafungua kinywa, umeme ukakatika.

Kijana akainuka gizani akipapasa ukuta, akachomoa plagi kabla umeme haujarudi. Mjomba akaigusa flashi mfukoni mwa shati.

"Imo," alisema.